Dondoo muhimu: Kutambua mepo za Kijapani
Usianze na rangi. Majani mekundu ya aina iitwayo 'Bloodgood' hufifia kuelekea kijani yakikosa jua, na 'Osakazuki', inayosifiwa kwa wekundu wake kabla ya kupukutika, huwa ya kijani kiangazi chote. Anza na umbo: hesabu ncha za jani, kisha tazama mikato imeingia hadi wapi. Kundi la Dissectum lina majani yaliyochanwachanwa hadi karibu na kikonyo. Utasema rangi ndiyo inayovutia. Kweli, ila itafute inapodumu: matawi machanga ya 'Sango-kaku' huwa mekundu kama marijani wakati wa baridi, mti ukiwa mtupu. Kibao cha jina nacho kisikutoshe. Mche wa mbegu haurithi sifa zote za mama, kwa hiyo kagua sehemu ya chini ya shina uone kovu la kuunganishia, dalili kwamba mti haukuoteshwa kwa mbegu tu.