Wachukuzi wa kiini cha seli na kansa

Karibu kila seli ya mwili ina kiini kinachotunza maagizo ya urithi. (Seli nyekundu za damu hazina.) Kiini kimezungukwa na utando wenye vijitundu vingi, ndiyo milango yake. Protini ndogo hupenya zenyewe, lakini zilizo kubwa hubebwa. Mchukuzi mkuu wa kuzitoa nje ni protini iitwayo eksipotini 1. Huishika protini yenye alama maalumu, huivusha mlangoni na kuiachia nje.

Kazi hiyo ni ya lazima. Shida huja wachukuzi wakizidi. Ndani ya kiini kuna protini walinzi, kama p53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isigawanyike, au huifanya ife. Katika kansa nyingi wachukuzi ni wengi kupita kiasi. Walinzi hutolewa nje, na mlinzi aliyetolewa nje atamkamataje mwizi aliye chumbani? Hata virusi vya UKIMWI humtumia mchukuzi huyu.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha selinexor, vidonge vinavyomzuia mchukuzi huyo, kwa wagonjwa wa mayeloma, yaani kansa ya uboho wa mifupa, walioshindikana kwa dawa nyingine. Lakini seli nzima nazo humhitaji. Ndiyo maana wagonjwa hupata kichefuchefu, hukonda, na chembe za kugandisha damu hupungua.

Mzee nyumbani akiwa na maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha, pamoja na upungufu wa damu, msimpe dawa za maumivu tu miezi na miezi. Apelekwe hospitali akapimwe.