Pamba ya Bariadi na sapu yangu

Nimezaliwa Bariadi, kwetu ni pamba tu, ila swali lililonipa sapu lilihusu uzi wa kiwandani. Liliuliza mkolezo wa polima unaathiri vipi utengenezaji wa nyuzi kwa njia kavu. Nikajibu: mzito zaidi ndio bora, maana asetoni inapungua. Sifuri!

Chukua vile vinyuzi vifupi vinavyobaki kwenye mbegu pamba ikishachambuliwa. Ni selulosi karibu tupu. Ikigeuzwa kuwa selulosi asetati inayeyuka kwenye asetoni. Mmumunyo husukumwa kwenye vitundu vidogo, unakutana na hewa ya moto, asetoni (huchemka kwenye nyuzijoto 56) inaruka, uzi unabaki.

Ukiwa mwepesi, unakatika matone kama uji wa mgonjwa, au nyuzi zinafika chini mbichi na kugandana. Halafu ngozi ya nje hukauka kwanza. Asetoni ya ndani ikitoka, uzi unajikunja.

Nilipokosea ni huku: polima ikiongezwa kidogo tu, unato haupandi kidogo, unapaa, kwa kuwa minyororo ya molekuli imesukana. Presha inakuwa kubwa, chujio na vitundu vinaziba. Ndiyo maana asetati huwekwa kama asilimia 20 hadi 30.

Likizo nikamsimulia baba. Akanyamaza, kisha: "Mwanangu, sisi tunauza pamba na mbegu zake kwa kilo. Hivyo vinyuzi huwa vinaishia wapi?"

Hilo nalo sikulijua, na sapu ni Jumatatu.