Oili chini ya gari: jua inatoka wapi kabla hujaposti

Somo la leo ni la wanaouza magari na spea mtandaoni, hasa haya magari ya kifahari yaliyotumika: BMW, Benz, Crown, Harrier. Kitu kinachoua bei ya gari haraka kuliko mkwaruzo wa bodi ni doa la oili chini. Mteja akiliona kwenye picha tu, bei inashuka hapo hapo. Na mara nyingi inashuka kwa sababu ya kukisia, siyo kwa sababu mtu amepima.

Nitatumia gari moja nililouza hapa Bukene. Mama mmoja alifiwa na mumewe, akabaki na BMW 320i, umbo la E90 lile lililoanza 2005, injini ya N46, silinda 4, lita 2.0. Alitaka iuzwe alipe ada ya chuo ya binti yake. Tukaiweka milioni 14. Kijana wa Kahama akaipenda, akaomba video ya chini. Nikamtumia. Baada ya saa moja akapiga: "Kaka, fundi wangu ameona unyevu pale injini inapoungana na giaboksi. Anasema ni sili ya nyuma ya krenki, mpaka giaboksi ishuke. Nina milioni 11 mkononi." Mama alikuwa tayari kukubali. Nikamwomba, "Mama, nipe siku nne."

Siku nne hizo tulifanya hivi.

Kwanza ujue ni kitu gani kinachodondoka. Kunjua boksi kubwa, liweke chini ya gari jioni, weka alama ya tairi za mbele zilipo, lala. Asubuhi unasoma. Oili ya injini ina rangi ya kahawia mpaka nyeusi na inateleza. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa bado nzuri ni nyekundu, ila ikizeeka nayo inakuwa kahawia, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake, ifute kwa tishu nyeupe uone pembeni mwa doa. Maji ya rejeta yana rangi ya kijani, bluu au pinki na harufu tamutamu. Oili ya breki ni nyepesi, karibu haina rangi, mara nyingi iko karibu na tairi, na hiyo ukiikuta gari lisitembee kabisa. Maji matupu upande wa abiria baada ya kuwasha AC siyo ugonjwa. Nimeona mtu amepunguziwa laki mbili kwa maji ya AC!

Boksi letu lilikuwa na oili ya injini, doa la ukubwa wa sahani ya chai.

Hapo watu wengi wanaogopa bure. Oili kidogo inatandaa sana. Ukichukulia matone 20 ni kama mililita 1, tone moja kila dakika kwa saa 24 ni matone 1,440, yaani kama mililita 72. Haijafika hata nusu kikombe. Doa lake kwenye sakafu litakutisha, lakini injini hii inabeba zaidi ya lita 4. Sisemi upuuze, nasema upime. Angalia kiwango cha oili gari likiwa limesimama sehemu tambarare, tembea kilomita 100, angalia tena. Hapo ndipo unajua kama ni jasho au ni mkojo, samahani kwa lugha.

Sasa jambo ambalo ndilo somo lenyewe: oili inapodondokea siyo inapotokea. Oili inashuka kwa uzito wake, halafu gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Tena haya magari ya Ulaya yana plastiki kubwa inayokinga injini kwa chini. Oili inatoka mbele, inajaa kwenye ile plastiki, inatafuta tundu, inadondokea nyuma kabisa. Ukiangalia ukiwa chini tu utasema giaboksi. Kwa hiyo toa plastiki kwanza. Kisha utafute sehemu iliyolowa iliyo JUU kuliko zote na MBELE kuliko zote. Anza hapo kushuka.

Sisi wa Bukene tuna msaidizi ambaye watu wa lami hawana: vumbi. Vumbi linashika kwenye oili. Palipovuja kwa muda mrefu utakuta tope jeusi gumu, unalikwangua kwa bisibisi. Palipoanza kuvuja juzi panang'aa, pana njia safi kama mtu amepitisha kidole. Kwenye gari la mama kulikuwa na vyote viwili, tope la zamani ubavuni mwa injini na mng'ao mpya kule nyuma.

Ukishaona hayo, piga picha, halafu safisha. Injini iwe imepoa. Funga altaneta, koili na mdomo wa hewa kwa mifuko ya nailoni. Tumia sabuni ya kutoa grisi au mafuta ya taa na brashi, suuza kwa maji kidogo, siyo ule mpira wa presha wa kuoshea pikipiki. Petroli usitumie, kwenye injini ni kuita moto. Kausha kwa upepo wa fundi wa pancha.

Kuna jambo la biashara hapa. Wauzaji wengi wanaosha injini ili kuficha. Mteja mjanja akiona injini inang'aa kama sufuria mpya wakati bodi ina vumbi, anakimbia, na ana haki. Sisi tuliosha ili tuone, na picha za kabla ya kuosha nilimtumia yule kijana siku hiyo hiyo.

Injini ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto sehemu zote unazoshuku. Washa gari, liache lifike joto lake la kawaida, dakika 15 au 20, zima, chungulia. Oili ikipita kwenye poda inaacha mstari mweusi, hata mtoto anauona. Kama uvujaji ni wa polepole sana, poda haitoshi, tembea nalo siku nzima. Au tumia rangi maalumu ya kuchanganya na oili, ipo Dar, unaagiza kwa basi. Ukishaitia unamulika kwa kitochi cha mwanga wa zambarau, kile mawakala wa pesa wanachokagulia noti, na palipovuja panawaka kijani-njano. Kitochi changu niliazima dukani kwa wakala jirani.

Usalama kidogo tafadhali. Jeki ni ya kunyanyulia, siyo ya kulala chini yake. Weka stendi au magogo mazito pande zote mbili, na tairi za nyuma uzizuie kwa mawe. Na gari linalodondosha oili kwenye bomba la moto la ekzosi usilichelewe, kile kiharufu cha kuungua ukisimama ndicho kinachotangulia moshi, na moshi unaweza kuwa moto.

Haya, kwenye injini kama hii utafute wapi? Anza na vitu rahisi, hata kama unaona aibu. Gari limebadilishwa oili karibuni? Kaza mfuniko wa filta, angalia kama mpira wake wa duara upo na haujakatika, angalia nati ya kumwagia oili na washa yake. Hii peke yake imenimalizia kesi nyingi.

Kisha gasketi ya tapeti kava. Hii kwa N46 ni ugonjwa unaojulikana, mpira unapikwa na joto, unakuwa mgumu kama plastiki. Oili inashuka ubavuni, inadondokea kwenye ekzosi. Chomoa koili za plagi, ukikuta oili imesimama kwenye visima vya plagi, gasketi imekwisha. Lile tope la zamani la ubavuni lilikuwa hili.

Kisha mbele, pale nyumba ya filta ya oili ilipo kwenye kishikio kinachobeba altaneta. Gasketi yake ikichoka oili inashukia altaneta, na altaneta ni hela nyingine. Kwetu palikuwa pakavu.

Halafu kule nyuma. Nyuma ya silinda hedi ya injini hii kuna vakyumu pampu, inayosaidia breki kuwa laini. Mipira yake ikizeeka inavuja, oili inashuka ukutani mwa injini mpaka pale inapoungana na giaboksi. Ukiwa chini unaona oili sehemu ile ile ambayo sili ya nyuma ya krenki ingetoa. Mafundi wengi wanaishia hapo, wanashusha giaboksi, wanabadilisha sili, baada ya wiki gari linavuja tena.

Tofauti yake ni hii. Sili ya krenki iko ndani ya ganda la giaboksi. Ikivuja, oili inatokea ndani na kudondoka kwenye mwanya wa chini, sehemu ya juu ya ganda inabaki kavu. Vakyumu pampu inalowesha kuanzia juu, kwa nje. Kuona kule juu ni shida kwa sababu kumebanana na ukuta wa kabini. Tulichofanya: simu kwenye video, tochi imewaka, tukaishusha nyuma ya injini taratibu. Poda yote ya juu ya ganda ilikuwa imelowa, na mstari ulianzia kwenye ungo wa pampu. Video ya sekunde 40. Giaboksi haikuguswa.

Kabla ya kubadilisha gasketi yoyote kagua na briza, njia ya kupumulia ya injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kwenye kila mpira dhaifu. Fungua kifuniko cha kutilia oili gari likiwa linaunguruma. Ikitoka pumzi kali na moshi unaosukuma mkono, shughulikia hilo kwanza, la sivyo gasketi mpya nayo itavuja. Kwetu ilikuwa sawa.

Spea. Wauzaji wa spea mnaosoma hapa, msikubali kuuziana kwa kauli ya "nataka gasketi ya BMW 320". Kwa BMW omba tarakimu 7 za mwisho za namba ya chasisi, zinatosha kupata spea sahihi kwenye katalogi. Kwa Toyota za kutoka Japani omba namba ya fremu: Crown ya GRS180 na GRS182 kwa macho ni gari moja, injini ni mbili tofauti. Mzigo ukikosewa kutoka Dar mpaka Nzega, kisha mpaka hapa kwetu, nauli ya kuurudisha inakula faida yote.

Mipira ya pampu, gasketi ya tapeti kava, oili mpya na ufundi, jumla ilikuwa 420,000. Mama alitoa nusu, nusu nikaitanguliza mimi na kuikata kwenye mauzo, tukaandikiana kwenye karatasi. Gari likatembezwa Nzega na kurudi, likalala juu ya boksi jipya. Asubuhi boksi kavu, isipokuwa matone mawili kutoka kwenye tope la zamani ambalo hatukulimaliza kulikwangua. Matone hayo nayo nikayapiga picha.

Tangazo niliandika hivi: "BMW 320i, E90, injini N46. Ilikuwa inavuja oili tapeti kava na vakyumu pampu, vimetengenezwa mwezi huu, video za kabla na baada zipo. Sili ya nyuma ya krenki imekaguliwa, ni kavu. Mkwaruzo mlango wa nyuma kushoto. Bei 14m, njoo na fundi wako." Wapo walioniambia najiharibia kutaja uvujaji. Sikubaliani. Mteja akigundua mwenyewe anakata milioni 3, ukimwambia wewe na ushahidi anabaki na kitu kidogo cha kukata. Na tusisahau, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Kuuzia Facebook hakukutoi humo.

Kijana wa Kahama alikuja na fundi wake. Fundi akaingia chini, akakaa sana, akatoka akasema, "Shikamoo kaka, hii pampu sikuifikiria." Wakachukua kwa 13,500,000. Toa 420,000, mama alibaki na 13,080,000 kabla ya kamisheni yangu, dhidi ya 11,000,000 aliyokuwa tayari kuipokea.

Kwa wenye Harrier 350G na nyingine zenye 2GR-FE: zile za mwanzo zina bomba la oili ya VVT-i lenye kipande cha mpira. Kikipasuka, oili inaisha kwa dakika chache, hakuna cha doa wala boksi. Toyota walileta bomba la chuma tupu badala yake. Chungulia hilo kabla hujaposti gari.

Mwenye gari linalovuja anitumie picha tatu: boksi la asubuhi, injini kwa juu, na chini plastiki ikiwa imetolewa. Taja na injini, siyo jina la gari tu.