Orodha za Abiria: Jinsi ya Kumtafuta Jamaa Aliyesafiri kwa Meli

Mtu asimamaye Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, akitaka kuvuka kwenda Likoni, mara nyingine hulazimika kungoja meli kubwa ipite kwanza. Meli hiyo yatoka bahari kuu nayo yaingia bandari ya Kilindini kwa mlango ule ule wa maji ambao feri huukata kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ya pili. Watu wa feri huingia kwa mamia, wakavuka, wakaenda zao, wala hapana aulizaye jina la mtu. Lakini katika zama za meli za abiria, baina ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, msafiri wa kwenda Ulaya au Marekani hakupanda chombo bila ya karani kuandika habari zake.

Karatasi hizo za makarani zinaitwa orodha za abiria, na nyingi zingalipo. Katika miji na vijiji vyetu wako watu wengi wasemao, "Babu yetu alisafiri kwa meli, wala hatujui zaidi." Somo hili ni kwa ajili yao. Yafaa wajue karatasi hizo zilikuwa na nini, zinapatikana wapi, na zilimwacha nani nje.

Kwa nini ziliandikwa

Tusidhani kwamba orodha ziliandikwa ili watukuu wapate kuzisoma. Ziliandikwa kwa sababu sheria iliwataka manahodha na makampuni ya meli kuwapa wakuu wa bandari hesabu ya watu waliochukuliwa. Serikali zilitaka kujua nani anaingia katika nchi, nani anatoka, na kama anakusudia kukaa au kupita tu. Kila orodha basi hujibu maswali ya yule aliyeiagiza, wala haijibu zaidi ya hayo.

Katika miaka hiyo Mombasa ilifikiwa na meli za mataifa mengi. Meli za kampuni ya Union-Castle zilikwenda Uingereza kwa njia ya Mfereji wa Suez. Za Messageries Maritimes ya Ufaransa zilikwenda Marseilles. Na za British India zilikwenda na kurudi Bombay. Hapakuwa na meli ya kumtoa mtu Kilindini moja kwa moja hadi New York kwa njia ya Ulaya. Msafiri wa Marekani alishuka Ulaya, kisha akapanda meli ya pili ya kuvuka bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na orodha mbili au tatu katika safari moja, na mtafutaji hana budi kuifuata safari hatua kwa hatua.

Yaliyomo ndani yake

Orodha za Uingereza zimehifadhiwa Kew, karibu na London, katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo. Za watu walioingia zaanza mwaka 1878, na za waliotoka zaanza mwaka 1890. Zote hukoma mwaka 1960. Humo huonekana jina la msafiri, umri wake, kazi yake, daraja aliyopanda, bandari alikopandia, na nchi anayokusudia kukaa. Mara nyingi huonekana pia anwani ya nyumba aliyofikia Uingereza.

Lakini kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Orodha hizo zilihusu safari za mbali, yaani meli zilizotoka nje ya Ulaya na nje ya bahari ya Mediterania. Mtu aliyeshuka Marseilles, akapanda gari la moshi mpaka kaskazini ya Ufaransa, akavuka mkono mwembamba wa bahari kuingia Uingereza, haonekani katika vitabu vya Kew kwa safari ile. Asiyemwona asiseme kwamba hakwenda.

Orodha za Marekani ziliuliza mambo mengi zaidi. Msafiri aliulizwa kama ajua kusoma na kuandika, nani aliyemlipia nauli, ana fedha kiasi gani, anakwenda kwa nani, na jina na makao ya jamaa yake wa karibu katika nchi aliyotoka. Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kwa mtafutaji, kwa sababu huweza kumwonyesha jina la baba, la mama au la kijiji ambalo nyumbani limekwisha sahauliwa.

Mmoja wa watu wetu waliofanya safari hiyo ni Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange wa Mbiyu wa Kiambu. Aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda kusoma Hampton, katika jimbo la Virginia. Kisha alisoma Ohio Wesleyan na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Alirudi mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya chuo cha ualimu cha Githunguri.

Mtu mmoja, majina mengi

Kosa la kwanza la watafutaji wengi ni kutafuta jina moja tu. Tutazame mfano wa Rais wa kwanza wa Kenya. Alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka 1914 alikuwa Johnstone Kamau. Aliposafiri kutoka Mombasa mwaka 1929 kupeleka malalamiko ya ardhi London, alijulikana kwa jina la Johnstone Kenyatta. Alirudi mwaka 1930, akaenda tena mwaka 1931, na kitabu chake cha mwaka 1938 kilitoka kwa jina la Jomo Kenyatta. Alirejea Mombasa mwaka 1946. Mtu amtafutaye katika karatasi za mwaka 1929 kwa jina la Jomo atachoka bure.

Huyo alikuwa mtu mashuhuri. Je, itakuwaje kwa Hamisi bin Juma wa Mji wa Kale? Karani mgeni aliandika alivyosikia. Hamisi aweza kuwa Khamis, Hamis au Amis. Na karani asiyejua desturi zetu aweza kulifanya neno "bin" kuwa jina la ukoo, akaliweka chini ya herufi B. Umri nao aghalabu ulikadiriwa. Mtafutaji mwerevu huandika kwanza namna zote ambazo jina laweza kusikika katika sikio la mgeni, kisha hutafuta kila moja.

Walioachwa nje

Wengi wa watu wa pwani waliofika Ulaya hawakuwa abiria. Walikuwa mabaharia, wapishi, na watu wa kutia makaa katika tanuri za meli. Hao hawaandikwi katika orodha ya abiria. Majina yao yako katika mikataba ya wafanyakazi wa meli. Sehemu kubwa ya mikataba ya meli za Kiingereza imehifadhiwa katika chuo kikuu cha Memorial huko Newfoundland, nchini Kanada. Basi swali la kwanza la kuwauliza wazee ni hili: babu alilipa nauli, au alilipwa mshahara?

Faida ya orodha huonekana zaidi siku ya msiba. Tarehe 23 Novemba 1942, meli ya British India iitwayo Tilawa, ikitoka Bombay kuja Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu 958 walikuwamo, na 280 walikufa. Jamaa waliokuwa wakingoja huku Afrika hawakuwa na swali jingine ila moja: je, alikuwamo?

Swali hilo hilo liliulizwa kandokando ya maji ya Kilindini tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Abiria wa feri hawaandikwi majina. Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha nani alipanda asubuhi ile na nani alichelewa akabaki ng'ambo. Mwenye kumkosa mtu wake jioni ndiye aliyejua.

La kufanya nyumbani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni vivyo hivyo. Kila nyumba yenye mzee aliyesafiri, au yenye habari za aliyesafiri, na inunue daftari moja na kuandika mambo haya: majina yote ya msafiri, pamoja na la utoto na la dini, jina la baba yake, mwaka wa safari, hata kama ni wa kukisia, bandari aliyopandia, jina la meli kama lakumbukwa, na kazi aliyokuwa akiifanya. Barua, picha na vyeti vya zamani vitiwe katika bahasha moja, visiachwe kwa mchwa.

Mwenye mambo hayo sita ana njia ya kuanzia, kwani orodha nyingi za Uingereza na Marekani sasa zaweza kutafutwa kwa kompyuta bila kuvuka bahari. Asiyekuwa nayo atasoma maelfu ya majina bila kujua lipi ni la kwake. Aanze leo kuwauliza wazee, maadamu wapo wa kumjibu.