Nani Aliyetangulia? Uandishi, Urejeleaji na Historia ya Uundaji kwa Matabaka

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya uandishi, uanzilishi na urejeleaji katika kazi za kitaaluma. Kwa kutumia historia ya uundaji kwa matabaka, yaani mbinu ambayo umma huiita uchapishaji wa pande tatu, tunaonyesha kwamba hesabu ya marejeo ni ushahidi wa matumizi ya kazi, wala si ushahidi wa chimbuko lake. Tunajadili pia namna aina ya hati, lugha na istilahi zinavyoweza kuificha kazi machoni pa mhesabu. Mwisho tunatoa mapendekezo kwa watafiti wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anapomtaja mwenzake katika makala hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, hukiri deni lake kwa aliyemtangulia. Pili, humwonyesha msomaji njia ya kulifikia chimbuko la hoja. Kwa muda mrefu tendo hili lilichukuliwa kuwa adabu ya kitaaluma tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 liligeuka kuwa kipimo: marejeo yalianza kuhesabiwa, na hesabu hiyo ikaingia katika uamuzi wa kupandisha wahadhiri vyeo, kugawa fedha za utafiti na kuyapanga majarida kwa daraja.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: hesabu hiyo hupima nini hasa? Dai letu ni kwamba hupima kazi iliyotumiwa, na kwamba matumizi na uanzilishi ni mambo mawili ambayo mara nyingi huachana njia.

2.0 Chimbuko la Hesabu ya Marejeo

Wazo la kuorodhesha marejeo halikuanzia kwa wanasayansi bali kwa wanasheria. Huko Marekani, Frank Shepard alianza mwaka 1873 kuchapisha orodha zilizomwezesha wakili kujua hukumu fulani imetajwa katika kesi zipi zilizofuata, na iwapo imeungwa mkono au imetenguliwa. Mwaka 1955, katika jarida la Science, Eugene Garfield alipendekeza utaratibu wa namna hiyo utumike katika sayansi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 taasisi yake huko Philadelphia ikaanza kuchapisha Faharasa ya Urejeleaji wa Sayansi.

Ipo tofauti moja ambayo haina budi kuzingatiwa. Orodha ya wanasheria ilionyesha sababu ya hukumu kutajwa. Faharasa ya sayansi ilionyesha tu kwamba kazi imetajwa. Anayesifu, anayepinga na anayetaja kwa mazoea wote huhesabiwa sawasawa.

Aidha, mgawanyo wa kazi na wa heshima katika taaluma hauna usawa. Lotka (1926) alibaini kwamba waandishi wachache hutoa sehemu kubwa ya makala, ilhali walio wengi hutoa moja tu. Merton (1968) alieleza jinsi mwenye jina anavyozidishiwa sifa hata kwa kazi aliyoifanya pamoja na wasio na jina. Price (1976) naye akaonyesha kihisabati kwamba kazi iliyokwisha kutajwa ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kutajwa tena. Kipimo alichokipendekeza Hirsch (2005), ambacho huunganisha idadi ya makala na idadi ya marejeo katika tarakimu moja, kimejengwa juu ya msingi huohuo.

3.0 Kisa cha Uundaji kwa Matabaka

Uundaji kwa matabaka ni utengenezaji wa kitu kwa kuongeza mali ghafi tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata kielelezo kilichomo katika kompyuta. Hutofautiana na uchongaji, ambao hupunguza, na usubu, ambao humimina katika kalibu. Katika mojawapo ya mbinu zake za mwanzo, polima ya majimaji hupigwa mwanga ikawa ngumu, tabaka moja baada ya jingine, hadi umbo likamilike.

Maelezo mengi ya historia ya mbinu hii humtaja Charles Hull wa Marekani. Aliwasilisha ombi la hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, tarehe 8 Agosti 1984. Akapewa hataza namba 4,575,330 tarehe 11 Machi 1986, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya 3D Systems.

Hata hivyo, mwezi Mei 1980 Hideo Kodama, mtafiti wa taasisi ya viwanda ya manispaa ya Nagoya, Japani, alikuwa amekwisha kuwasilisha ombi la hataza kuhusu mbinu ya kuimarisha polima kwa mwanga, tabaka kwa tabaka. Hatua za lazima za uchunguzi wa ombi hilo hazikukamilishwa katika muda uliowekwa, na hataza haikupatikana. Kodama alichapisha matokeo yake mwaka 1981, kwanza kwa Kijapani, kisha kwa Kiingereza katika jarida la Review of Scientific Instruments. Huko Ufaransa, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André waliwasilisha ombi lao tarehe 16 Julai 1984, yaani wiki tatu tu kabla ya Hull. Ombi hilo halikuendelezwa, kwa kuwa wenye mamlaka juu yake hawakuona faida ya kibiashara.

Ikiwa mwanzilishi ni yule aliyeandika mapema, basi hata Kodama ana watangulizi. Wyn Kelly Swainson aliwasilisha mwaka 1971 ombi kuhusu kuunda umbo ndani ya polima kwa miale miwili inayokutana. Na mwaka 1892 J. E. Blanther alipewa hataza ya kutengeneza ramani za miinuko kwa kupanga mabamba ya nta. Kwa hiyo, swali "nani wa kwanza?" halijibiki mpaka iulizwe kwanza: wa kwanza katika lipi? Wa kulifikiri wazo, wa kulijaribu, wa kulichapisha, wa kulimiliki kisheria, au wa kulifikisha sokoni?

Kila jibu lina hati yake, na hati hizo hazihesabiwi kwa namna moja. Makala ya jarida huingia katika faharasa za kitaaluma. Hataza ina mfumo wake wa marejeo, ambamo sehemu ya marejeo huwekwa na wachunguzi wa ofisi ya hataza, wala si na mvumbuzi. Hivyo hayawezi kusomwa kama ukiri wa deni. Ombi lililoachwa njiani halina mwenye haja ya kulitaja. Mtu anayehesabu aina moja tu ya hati atapata historia moja tu.

4.0 Jina Linapoificha Kazi

Tatizo la pili ni la istilahi. Katika miaka ya 1980 na 1990 mbinu hizi ziliitwa kwa Kiingereza kwa jina lenye maana ya utengenezaji wa haraka wa vielelezo. Istilahi yenye maana ya uundaji kwa kuongeza ilipata nguvu baada ya chombo cha viwango cha ASTM kuunda kamati yake ya F42 mwaka 2009, na ikathibitishwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO/ASTM 52900 cha mwaka 2015, kinachozigawa mbinu hizo katika makundi 7. Mtafiti atakayelitafuta jina jipya peke yake katika faharasa hatakutana na makala ya Kodama, kwa sababu mwaka 1981 jina hilo halikuwa limezoeleka. Atahitimisha kwamba fani imezaliwa juzi, kumbe ni jina tu lililozaliwa juzi.

Pengine jina hubadilika kwa sababu ya umiliki. Mbinu ya kuyeyusha uzi wa plastiki, aliyoiombea Scott Crump hataza mwaka 1989, hujulikana kwa kifupisho FDM, ambacho ni alama ya biashara ya kampuni ya Stratasys. Mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, ulitumia kifupisho kingine, FFF, kwa mbinu hiyohiyo. Mradi huohuo unatuonyesha pia mipaka ya dhana ya mwandishi. Michoro yake iliachwa wazi ili yeyote airekebishe, na watu wengi wa kujitolea waliiboresha. Makala iliyoueleza mradi katika jarida la Robotica mwaka 2011 ina waandishi 7. Marejeo huwaendea hao 7; mikono mingine haina pa kuhesabiwa.

5.0 Funzo kwa Taaluma za Kiswahili

Mambo haya si ya wahandisi peke yao. Jarida lililoanza kama taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 limebadilishwa jina zaidi ya mara moja, hadi likaitwa Kiswahili. Kwa mhesabu asiyejua historia hiyo, jarida moja huonekana kuwa majarida kadhaa machanga. Hali kadhalika majina ya watu: Muyaka bin Haji aweza kuorodheshwa chini ya Muyaka au chini ya Haji, na Shaaban Robert chini ya Shaaban au chini ya Robert. Kila mgawanyiko hupunguza hesabu ya mtu mmoja bila kupunguza mchango wake.

Aidha, kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili hukabiliwa na kikwazo kilichoikabili makala ya Kijapani ya Kodama: asiyeisoma lugha hawezi kuirejelea. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jarida liweke utaratibu mmoja wa kuandika majina ya waandishi na liufuate bila kuyumba. Pili, mtunga istilahi ataje majina yaliyotangulia badala ya kuyafuta. Kwa mfano, atakayechagua "uundaji kwa matabaka" ataje pia "uchapishaji wa pande tatu". Tatu, mtafiti ataje chimbuko alilolisoma yeye mwenyewe, na pale alipopokea hoja kupitia kwa mwingine aseme hivyo waziwazi.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba hesabu ya marejeo hutegemea aina ya hati, lugha na jina, na kwamba haiwezi peke yake kutueleza nani alianza. Hatusemi kwamba hesabu hiyo itupwe. Inafaa sana katika kuonyesha namna wazo lilivyoenea na kupitia mikononi mwa nani. Kinachopingwa ni kuifanya hakimu wa uanzilishi. Mwaka 1995 Kodama na Hull walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Rank ya Uingereza. Haki hiyo ilipatikana kwa kuzisoma hati zenyewe, na kazi ya kusoma bado inabaki kuwa ya mtafiti.