Kuandika Nota na Kimya kwa Kompyuta

Wapendwa waalimu wa kwaya wa Karagwe na Kyerwa, wengi wenu mwanakili nyimbo kwa programu iitwayo MuseScore. Ni vema, maana yatolewa bure, tena ikiisha kuwekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Mjerumani Werner Schweer alianza kuitengeneza mwaka 2002. Walakini kuna kosa moja tulionalo mara kwa mara katika karatasi zitokazo humo, nasi tulilifanya kabla ya kuliona kwa wengine.

Tulinakili wimbo wa Kinyambo kutoka daftari la mwalimu mzee wa upande wa Kyerwa. Daftari lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, na solfa yake iliandikwa kwa penseli. Tulipouimba mbele yake alisikiliza hata mwisho, akasema, "Wimbo ni wangu, lakini hamkuniachia pahali pa kuvuta pumzi." Tukalifungua daftari tena. Kumbe, kila alipoacha wazi, sisi tuliendeleza sauti iliyotangulia.

Katika solfa, ambayo John Curwen wa Uingereza (1816–1880) aliieneza baada ya kuipata kwa Sarah Glover, kistari ni amri ya kuendelea kuishika sauti. Nafasi tupu ni amri ya kunyamaza. Basi kimya cha solfa hakina alama yo yote, na jicho la mwandishi hulipita upesi. Katika mistari mitano si hivyo: kimya kina alama yake, tena kina urefu wake kama nota.

Tutwae mfano wa mapigo matatu, Doh ikiwa C:

| d : – : r | m :   : s | l : – : – ||

Kwanza chagueni mapigo matatu mnapofungua karatasi mpya. Bonyezeni N, ili programu ipokee nota. Tarakimu huonyesha urefu: 5 ni pigo moja, 6 ni mapigo mawili, 4 ni nusu ya pigo. Kisha herufi huonyesha sauti. Basi andikeni 6 na C, halafu 5 na D. Katika kipande cha pili andikeni E, kisha 0, kisha G. Hiyo sifuri ndiyo kimya. Mwisho andikeni 6, na nukta ya kuongeza nusu ya urefu, na A.

Angalieni herufi! Kitufe cha D hakileti doh, bali sauti ya D, ambayo hapa ni reh. Mwenye kuzoea solfa hukosea hapo siku nyingi, wala asione haya. Tena Doh ikiwa F, basi d huandikwa kwa F, na r kwa G. Wekeni alama za ufunguo kwanza, na programu itashusha B yenyewe.

Sasa tazameni kosa letu. Badala ya E na sifuri, sisi tuliandika E ya mapigo mawili. Kompyuta haikukataa, kwa kuwa hesabu ni ile ile: matatu. Programu hii huchunga hesabu sana. Kipande kipya hujazwa kimya tangu mwanzo, na nota ikifutwa, kimya hubaki pahali pake, wala nota zifuatazo hazisogei. Lakini haiwezi kujua kama mtunzi alitaka sauti ishikwe au inyamaze. Hilo hujulikana katika daftari, na kwa mtunzi mwenyewe akiwa hai.

Nyumbani kosa kama hilo husahihishwa, maana wako wanaoukumbuka wimbo. Karatasi ikienda mbali hakuna wa kuuliza. "Njoo kwetu, Roho mwema," wimbo wa Wilson Niwagila, umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani kilichotolewa mwaka 2006, na wengi waimbao huko wanao ukurasa tu.

Kwa hiyo tumefanya desturi hii: kabla ya kuigusa kompyuta, twazungushia duara kila nafasi tupu ya daftari kwa kalamu nyekundu, katika nakala, si katika daftari la mzee. Tukiisha kuandika twahesabu maduara, twahesabu na alama za kimya katika kila sauti, soprano, alto, tena na besi. Katika wimbo ule wa Kinyambo maduara yalikuwa kumi na moja. Sisi tulikuwa tumeandika vimya viwili.