Simu ya Wengi: Je, Wingi ni Hoja?



Himdi zote ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kuna mjadala mmoja katika mabweni yetu ambao haulali. Mwenye Tecno anasema kampuni yake ndiyo inayoongoza Afrika. Mwenye Samsung anajibu kuwa yake imetawala dunia. Mwenye iPhone anacheka tu, anawaambia wote wawili wangoje waone mwakani. Kila mmoja anataja takwimu za soko kana kwamba anasoma dalili ya kisheria.

Somo letu la leo ni hili: je, sehemu ya soko ambayo simu yako inaishika inapaswa kukuhusu wewe mwenye simu? Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake mna mali na mna moyo. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumefundishwa kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Na wapo miongoni mwetu wanaotumia buruse yote, au kuingia deni la miezi mingi, kwa hoja moja tu: "hii ndiyo simu ambayo watu wanayo."

1. Wingi katika mizani ya dini

Qur'ani haiupi wingi heshima ya bure. Katika Surat al-An'am (6:116) Mtume anatahadharishwa kwamba akiwatii walio wengi katika ardhi watampoteza na njia ya Allah. Katika Surat al-Maida (5:100) tunafundishwa kwamba kibaya na kizuri havilingani, hata kama wingi wa kibaya utakupendeza. Na katika Surat at-Tawba (9:25) Waislamu wanakumbushwa siku ya Hunayn, ambapo wingi wao uliwafurahisha lakini haukuwafaa kitu.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kuwa wingi hauna thamani kabisa. Swala ya jamaa imefadhilishwa juu ya swala ya mtu peke yake kwa daraja 27, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Na katika elimu ya Hadithi, habari ikipokewa na watu wengi mno huitwa mutawatir na huleta yakini.

Hapa ndipo penye funguo ya somo letu. Wanazuoni hawakuikubali mutawatir kwa wingi peke yake, bali waliweka masharti. Wapokezi wawe wengi katika kila tabaka. Isiwe rahisi kwao kukubaliana juu ya uongo. Na habari yao iwe imetokana na hisia: wawe wameona au wamesikia wenyewe, si kudhani. Kwa hiyo watu elfu moja wakikariri maneno waliyoyachukua kwa mtu mmoja, hiyo si mutawatir. Habari hiyo asili yake ni ya mtu mmoja, iliyopita katika midomo elfu.

Sasa zipime takwimu za soko kwa kipimo hicho. Watu milioni wamenunua simu fulani. Je, wanashuhudia nini? Wakikwambia, baada ya kuitumia mwaka mzima, kwamba betri inafika jioni, huo ni ushahidi wa kuona. Lakini wakiwa wameinunua kwa sababu ya tangazo moja kubwa, au kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa dukani kwa bei yao, basi wingi wao unakuhabarisha kuhusu tangazo na bei. Kuhusu ubora wa simu yenyewe, haujasema neno.

2. Wingi wa nini hasa?

Katika mijadala yetu tunachanganya mambo matatu yaliyo tofauti.

La kwanza ni wingi wa mfumo endeshi, yaani Android ya Google au iOS ya Apple. Mifumo hii miwili ndiyo iliyogawana karibu soko lote la simu janja duniani, na Android ndiyo kubwa zaidi.

La pili ni wingi wa kampuni. Mwaka 2023, kwa hesabu za shirika la IDC, Apple iliipita Samsung kwa idadi ya simu zilizopelekwa sokoni duniani, baada ya Samsung kuongoza kwa zaidi ya miaka kumi. Jiulize: siku hiyo mwenye Samsung hapa Nyamirambo alipungukiwa na nini? Simu yake iliita vilevile, na chaja yake iliingia vilevile.

La tatu ni wingi wa mtaani kwako. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye makao Shenzhen, China, ndiyo mama wa Tecno, Infinix na itel. Kwao China haiuzi simu nyingi, lakini Afrika imeongoza kwa miaka mingi. Iliwatazama wateja wa huku: laini mbili katika simu moja, betri ya kudumu, na kamera inayoiona vizuri ngozi nyeusi.

Kwa mwanafunzi wa Kigali, wingi huu wa tatu una uzito kuliko ule wa dunia. Wanafiqhi wana kanuni kwamba ada huhukumu, na Imam al-Qarafi (aliyefariki mwaka 684 Hijria) alisisitiza kwamba hukumu iliyojengwa juu ya ada hubadilika ada inapobadilika, wala watu wa mji mmoja hawahukumiwi kwa ada ya mji mwingine. Vivyo hivyo, takwimu za New York hazimsaidii anayetafuta kioo cha simu Nyabugogo.

3. Pale ambapo wingi unakuhusu

Mwaka 2007 Nokia ilishika takriban nusu ya soko la simu janja duniani. BlackBerry nayo ilikuwa simu ya wakubwa wa ofisini. Kisha watumiaji wakahama, na watengenezaji wa programu wakawafuata. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Nokia za mfumo wa Symbian S60 mwaka 2017, katika BlackBerry mwishoni mwa mwaka huohuo, na katika simu za Windows tarehe 31 Desemba 2019. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry yenyewe ilizima huduma za mifumo yake ya zamani.

Simu hizo hazikuwa zimeharibika. Kioo kilikuwa kizima na spika inasikika. Lakini mwenye simu hakuweza tena kupokea ujumbe wa kundi la darasa. Kwa hiyo mfumo ukipoteza watu, mwenye simu hupata hasara ya kweli, na kulijua hilo mapema ni busara.

Mfano wa pili uko hapahapa Kigali. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones katika Eneo Maalumu la Kiuchumi. Kilianza na simu mbili, Mara X na Mara Z, moja kwa faranga 120,250 na nyingine kwa faranga 175,750. Desemba ya mwaka huo, katika kampeni ya Connect Rwanda, Rais aliahidi kuchangia simu 1,500 za Mara kwa wasio na simu janja.

Kampuni ilikuwa ndogo mno mbele ya majabali ya China na Korea. Lakini simu zake zilitumia Android, hivyo mwenye Mara hakutengwa na programu: aliingia katika nyumba kubwa kwa mlango mdogo. Swali lililobaki lilikuwa la vipuri na masasisho, na hilo hutegemea afya ya kampuni. Kiwanda chake cha pili, kule Durban, Afrika Kusini, kilizinduliwa mwezi huohuo wa Oktoba 2019, na kufikia mwaka 2022 kilitangazwa kupigwa mnada.

Kwa lugha ya fiqhi, wingi wa soko ni qarina, yaani ishara inayoelekeza. Katika Surat Yusuf (12:26-28) kanzu iliyochanika kwa nyuma ilikuwa qarina iliyomtoa Nabii Yusuf (alayhi salaam) katika tuhuma. Ilikuwa na nguvu katika jambo lake: nani alikuwa akikimbia na nani alikuwa akivuta. Wingi wa soko nao una nguvu katika mambo yake matatu: uhai wa programu, upatikanaji wa vipuri, na bei utakayopata ukiiuza simu. Usiutoe hapo.

4. Pale ambapo wingi haukuhusu

Kwanza, wingi haukupi dhamana. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 Huawei iliongoza duniani kwa simu zilizopelekwa sokoni, kwa hesabu za Canalys. Lakini tangu Mei 2019 ilikuwa chini ya vikwazo vya Marekani, na simu zake mpya zilikuwa zikitoka bila huduma za Google. Ilikuwa ya kwanza katika jedwali, na mnunuzi wake mpya hakuikuta Play Store.

Vilevile kuwa katika mfumo wa wengi hakuizuii simu kuzeeka. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Anayenunua simu iliyotumika kwa sababu ya nembo tu, bila kuuliza inapokea toleo gani la mfumo, amenunua jina.

Pili, mahitaji yetu mengi hayategemei jedwali hilo. Ukibonyeza *182# kutuma pesa kwa MoMo, simu ya kitochi na simu ya laki nyingi zinasimama safu moja. Na kwa anayetafuta kibla, kutoka Kigali tunaelekea kaskazini tukiegemea mashariki kidogo, kampuni ya simu iwe yoyote.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wingi hauna neno juu ya thamani ya mtu. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (Radhiya Allahu anhu), Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Hakulilaumu hilo, alieleza kwamba Allah anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi simu nzuri haikuharamishwa. Kinachokatazwa ni kumcheka ndugu yako anapotoa simu yenye ufa mbele ya darasa, au wewe mwenyewe kuificha yako mfukoni kwa aibu wakati hukuiba wala hukudhulumu.

Ibn Mas'ud amenukuliwa pia akikataza mtu kuwa imma'a, yaani asemaye "mimi niko na watu" popote watu wanapokwenda. Tirmidhi ameipokea maana hiyo ikiwa imenasibishwa kwa Mtume, na baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha sanad hiyo na kuikubali kama kauli ya Ibn Mas'ud. Vyovyote iwavyo, funzo lake liko wazi.

5. Utaratibu wa kuamua

Ukitaka kununua simu, panga maswali yako hivi.

Haja: simu hii ni ya kazi gani? Kusoma PDF, kurekodi mihadhara na kuwasiliana na nyumbani hakuhitaji kamera tatu.

Uwezo: Surat al-Furqan (25:67) inawasifu wanaotumia bila israfu na bila ubahili, wakawa katikati. Na Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah na deni, kama alivyopokea Bukhari. Ikiwa malipo ya kila wiki yatakula chakula chako, simu hiyo si ya kiwango chako kwa sasa, hata kama bweni zima wanayo.

Qarina ya wingi: nenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Muulize bei ya kioo na ya betri ya simu hiyo, na kama anavipata. Kisha uliza itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Januari 2024 Samsung ilitangaza miaka 7 kwa Galaxy S24, lakini simu nyingi za bei ya chini, hata za kampuni hiyohiyo, hupewa muda mfupi zaidi. Jedwali la soko halikwambii hilo.

Moyo: kama kesho kampuni hii ingeshuka hadi nafasi ya kumi, na simu ikabaki inafanya kazi ileile, ningejuta kuinunua? Ukijibu ndiyo, ujue ulikuwa unanunua macho ya watu.

Hitimisho

Jibu letu basi: sehemu ya soko inamhusu mwenye simu kwa kiasi cha qarina. Itazame mtaani kwako, itazame katika mfumo kabla ya kampuni, na ikishakujibu kuhusu programu, vipuri na bei ya kuuza, iache. Mtume ametufundisha, katika Hadithi ya 12 ya mkusanyiko wa Imam Nawawi, kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu. Mashindano ya kampuni ni ya wenye hisa.

Maswali ya halaqa

1. Taja jambo moja ambalo wengi wanalifanya chuoni na wingi wao ni ushahidi wa kuona, na jingine ambalo chanzo chake ni mtu mmoja tu.
2. Kuna tofauti gani kati ya kufuata ada ya mji na kuwa imma'a?
3. Ndugu yenu akikosa masomo ya kundi kwa sababu simu yake haikubali programu mnayoitumia, wajibu ni wa nani: yeye anunue nyingine, au nyinyi mtafute njia inayomfikia?

Allah atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na nyoyo zisizodharau. Wallahu a'lam.